Kabla ya kuchagua wa kukutunzia kompyuta, jua mtaachana vipi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Ana depo ya vifaa vya usalama kazini, yaani kofia, buti, glavu na miwani, anavyouzia kampuni za migodi. Anaandika hivi, nami nimefupisha:

"Tuna kompyuta 24: 17 ziko depo, 5 Kolwezi, 2 Kasumbalesa. Kijana wetu wa informatiki amepata kazi mgodini, ameondoka wiki tatu zilizopita. Sitaki kuajiri mwingine, maana kila nikimzoeza mtu, mgodi unamchukua. Nimeomba proforma kwa watatu. Kampuni moja ya Kinshasa inataka dola 900 kwa mwezi, wanasaidia kwa mbali, kwa simu na intaneti. Vijana watatu wa hapa wenye kampuni yao ndogo wanataka dola 350. Na kijana wetu aliyeondoka anasema tumwite tukikwama, dola 30 kila akija. Mume wangu anataka huyu wa bei ndogo. Mhasibu anataka wale wakubwa. Wewe unasemaje?"

Jambo sana, mama.

Hao watatu nitawafikia. Ila ziweke kwanza proforma pembeni, ufanye jambo moja leo kabla jua halijazama: mpigie simu kijana aliyeondoka. Si kwa zile dola 30 zake. Mwombe Jumamosi moja, ikibidi mbili, umlipe vizuri, akae na wewe na mhasibu muandike kila ufunguo anaoujua. Neno la siri la seva (kompyuta kuu ya ofisi), la ruta, la kamera, la programu ya uhesabu. Jina lenu la intaneti, lile linalofuata alama ya @ kwenye barua pepe zenu: lilisajiliwa wapi, kwa jina la nani, linalipwa mwezi gani? Akaunti kuu ya barua pepe: ukitaka kuifungua, namba ya uthibitisho inafika kwenye simu ya nani? Waya unaopita juu ya dari kwenda chumba cha stoki unatokea wapi? Wiki tatu si nyingi. Bado anakumbuka na bado mnasalimiana. Mwakani atakuwa na simu nyingine, na kichwa kimejaa mambo ya mgodi.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, nusu nikitunza kompyuta za watu, nusu nikiwashauri wanaotafuta wa kuwatunzia. Ugomvi niliousuluhisha mara nyingi kuliko wote hauhusu ujuzi. Mafundi wa Lubumbashi kazi wanaijua. Ugomvi huwa wa siku ya kuachana. Kampuni moja ya vipuri vya malori ilibishana na fundi wake juu ya fakture (ankara) mbili. Fundi hakuiba kitu wala hakuharibu kitu, aliacha tu kupokea simu. Kumbe jina la intaneti la kampuni alilisajili kwa barua pepe yake binafsi, na ujumbe wa kukumbusha kulipa ulikuwa ukimfikia yeye peke yake. Mwaka ulipoisha, jina likafa. Jumanne asubuhi barua pepe zikakatika. Wateja waliokuwa wakiagiza mali wakajibiwa kwamba anwani haipo, na wengine wakadhani kampuni imefungwa. Mwishowe mwenye kampuni alinunua jina jipya, akapaka rangi upya milango ya malori yote kwa sababu anwani ya zamani ilikuwa imeandikwa pale.

Tangu hapo, mtu akiniomba nimsaidie kuchagua, swali la kwanza ninalowapelekea wote wanaotaka kazi ni hili: tukiachana kesho asubuhi, mteja anabaki na nini mkononi? Anayejibu bila kununa, tunaendelea naye. Anayesema "lakini mama, mbona tunaongea talaka kabla ya harusi", huyo namwangalia mara mbili.

Majibu unayotafuta hayana maajabu. Jina la intaneti, liwe la .cd au la .com, linasajiliwa kwa jina la kampuni yako, na barua pepe ya usajili ni yako. Tena isiwe anwani inayotegemea jina hilohilo, maana likifa utafungiwa nje pamoja nalo. Kwenye Microsoft 365 au Google, wewe mwenyewe una akaunti kuu ya kwako, na maneno yake ya siri yamefungiwa kwenye kasha la pesa pamoja na hati za depo. Huitumii kila siku, ila hakuna atakayekufukuza nyumbani kwako. Kila fundi anaingia kwa jina lake, si wote kwa jina moja la "admin", ili mmoja akihama afungiwe yeye bila kubadilisha kufuli zote. Leseni zinanunuliwa kwa jina lako na fakture zake unazo. Na kila baada ya miezi mitatu unakabidhiwa orodha ya mashine, maneno ya siri na mchoro wa waya, ikiwa imechapishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine nazo ni mali.

Sasa tuje kwa hao watatu.

Mume wako hakukosea kumpenda kijana wa dola 30. Anaijua depo, anajua printa ipi ina vituko, na hatakupa maneno makubwa. Ungekuwa na duka la kompyuta tatu pale komini ya Kenya, ningesema mchukue yaishe. Kwa kompyuta 24 nakataa. Mtu anayelipwa kwa kuja, anakuja kitu kikiharibika. Hakuna siku utakayomwita aje kuangalia kama nakala za akiba za mafaili yenu zinaandikwa kweli, kama betri ya ondulere (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) imechoka, kama laptopu ya Kolwezi ina miezi minane haijasasishwa. Kazi hizo hazipigi kelele, kwa hiyo hakuna anayezikumbuka mpaka siku zinapolipuka. Halafu ana mwajiri mwingine. Seva ikizima Jumanne saa nne asubuhi, yeye yuko zamu mgodini, na bosi wake hatamfungulia geti kwa ajili ya depo yako.

Mhasibu naye ana hoja. Wakubwa wa Kinshasa wana watu wengi, mmoja akiugua mwingine anashika simu, na huenda usiku yuko anayeangalia. Hayo yana thamani yake. Lakini waulize mambo mawili kabla hujasaini. La kwanza ni saa. Sisi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Meza yao ya msaada ikifunguliwa saa mbili asubuhi kwao, kwako tayari ni saa tatu, na magari ya kwenda Kolwezi hupakiwa mapema kuliko hapo. Mkataba useme saa za Lubumbashi.

La pili ni mikono. Ijumaa ya 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zikagoma kuwaka. Viwanja vya ndege, hospitali na benki vilisimama. Dawa yake ilijulikana siku ileile. Lakini mashine isiyowaka haifikiwi kwa intaneti, kwa hiyo mahali pengi ilibidi mtu akae mbele ya kompyuta moja baada ya nyingine, aifungue kwa njia ya dharura na kufuta faili moja. Hapa kwetu hatuhitaji mkasa wa dunia nzima ili jambo la namna hiyo litokee: chanzo cha umeme kimeungua, panya amekula waya, printa ya fakture imemeza karatasi wakati dereva anangoja. Basi waulize siku hiyo ni mikono ya nani itakayogusa mashine Kampemba, na ya nani itakayoigusa Kolwezi. Wakijibu kwamba watamwelekeza sekretere wako kwa simu, dola 900 ni nyingi mno.

Niongeze neno juu ya kuingia kwa mbali, na hili linawahusu hata vijana wa hapa. Mlango wanaopita wao ndio mlango atakaopita mwizi wao. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walipenya kwenye programu ya Kaseya, ambayo kampuni za kutunza kompyuta hutumia kusimamia mashine za wateja wao. Walifunga mafaili ya biashara kati ya 800 na 1,500, wakadai fidia ya dola milioni 70. Nchini Sweden maduka ya Coop yalifungwa kwa mamia kwa sababu mashine za malipo zilikataa kufanya kazi. Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Aliyekuwa akiitumia programu hiyo ni aliyekuwa akihudumia mashine zake za malipo. Wewe huwezi kukagua jiko la mtoa huduma wako, lakini waweza kuuliza anaingia kwa programu gani, nani ana ruhusa, kama lazima athibitishe kwa hatua mbili, na kama utaonyeshwa nani aliingia saa ngapi. Atakayekuambia kwamba wanaacha AnyDesk, programu ya kuingia kwa mbali, wazi na neno la siri moja kwa wateja wote ili mambo yawe mepesi, mshukuru kwa ukweli wake na umsindikize mpaka getini.

Wamebaki vijana watatu. Dola 350 kwa kompyuta 24 haifiki dola 15 kwa mashine, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, kwa upande ambao labda hukuutarajia: bei ni ndogo mno. Je, Kolwezi imo ndani? Ni kama kilomita 300, na ukihesabu barabara, foleni ya malori na kazi yenyewe, fundi hawezi kwenda na kurudi siku moja akiwa na akili timamu. Wakienda mara mbili mwezi mmoja kwa mfuko wao, faida yao imeisha. Mwezi wa tatu wataanza kusema "tutakuja kesho". Waambie watenganishe proforma: bei ya kutunza, bei ya kila safari ya Kolwezi, bei ya kila safari ya Kasumbalesa. Bora zaidi, watafute mtu wao Kolwezi atakayekuwa mikono yao, na jina lake liandikwe. Na kwa kuwa unaujua mgodi na tabia yake ya kuchukua watu, waulize nini kitatokea mgodi ukimchukua mmoja wao. Nataka angalau wawili waijue depo yako, na mkataba uwataje wote wawili.

Mikataba mingi ninayoletewa ina neno "saa 4" bila kusema saa 4 za nini. Ni saa 4 za kupokea simu na kusema "tumekusikia, mama", au ni saa 4 mpaka mashine ifanye kazi? Ya kwanza ni rahisi kuahidi. Ya pili hakuna mwenye akili atakayeiahidi kwa kila kitu, na wala usimlazimishe, ila akubali kwa mambo mawili au matatu yanayosimamisha mauzo: seva ya fakture, intaneti ya depo, programu ya uhesabu. Hayo mengine yaweza kungoja kesho yake. Na ukiona wameahidi kwamba mitambo itafanya kazi "asilimia 99" ya muda, piga hesabu. Mwaka una saa 8,760. Asilimia moja yake ni saa 87 na zaidi, siku tatu na nusu za kusimama, na bado atakuwa ametimiza ahadi. Asilimia 99.9 inabakiza karibu saa 9. Halafu uliza asilimia hiyo ni ya kitu gani, maana intaneti inatoka kwa Vodacom, Airtel, Orange au mwingine, wala fundi wako hana uwezo juu ya fibra iliyochimbuliwa na wajenzi wa barabara. Anachoweza kuahidi ni kwamba laini ya pili itawaka yenyewe ya kwanza ikikatika. Mwambie siku ya majaribio akuonyeshe, kwa kuchomoa waya mbele yako.

Nakala za akiba ndizo zitakazokulaza macho, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Tena nitaanza na aibu yangu. Zamani nilitunza mashine za mfanyabiashara mmoja, na kila jioni sekretere wake alibadilisha diski ya akiba, mwaminifu kama saa ya kanisa. Taa ya kijani ilikuwa ikipepesa. Siku seva ilipokufa, tukafungua diski: ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa ya miezi saba nyuma. Nafasi ilikuwa imejaa, programu ikawa inaandika kosa mahali ambapo mimi, niliyelipwa kuangalia, sikuangalia. Watu watatu walikaa wiki nyingi wakiingiza upya fakture kutoka kwenye karatasi. Sikumdai pesa, naye hakuniita tena, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo nakala ambayo haijawahi kurudishwa, kwangu mimi haipo. Kanuni ya kazi hii ni ya zamani na bado nzuri: nakala tatu za kila kitu cha maana, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Mimi huongeza kwamba moja ichomolewe. Diski inayobaki imechomekwa saa 24 itafungwa na wahalifu pamoja na seva yenyewe, kama mbuzi aliyelala chumba kimoja na mwenye nyumba aliyevamiwa.

Watakuambia kila kitu kitakwenda kwenye wingu, yaani kihifadhiwe kwa intaneti kwenye kompyuta za mbali. Vizuri, kiende. Lakini fanya hesabu ya kurudi. Mafaili ya gigabaiti 500, kwa laini inayotoa kweli megabiti 10 kwa sekunde mchana na usiku bila kukatika, yanahitaji saa 111 kushuka. Ni zaidi ya siku nne na nusu, na wewe unajua laini ipi hapa mjini haikatiki siku nne. Basi wingu liwe la siku ya moto na la siku ya wezi, na diski ya hapa mjini iwe ya siku za kawaida. Ile ya nje ya jengo yaweza kukaa nyumbani kwako, au ikasafiri na gari la Kolwezi kila wiki, ikiwa imefungwa kwa neno la siri.

Muda wa kuhifadhi nao uandikwe. Kongo imo OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria ya uhesabu ya OHADA inadai vitabu na vielelezo vyake vitunzwe miaka 10. Proforma inayosema "nakala za siku 30" inakusaidia kama sekretere amefuta faili jana, haikusaidii mkaguzi akitaka mwaka wa 2019. Mhasibu wako ndiye wa kusimamia hilo. Na mkae naye pia mjibu swali ambalo hakuna fundi atakayekujibia: mkipoteza kazi ya siku moja, mnaweza kuirudisha kutoka kwenye karatasi? Kama ndiyo, nakala ya kila usiku inatosha. Kama asubuhi moja tu inaweza kuwachanganya na agizo la mgodi, basi nakala iwe ya kila saa, na bei itapanda, na ni haki ipande.

Jaribio lenyewe ni dogo. Siku yoyote ya mwezi, bila kuwaambia kabla, chagua faili moja la mwezi uliopita na useme: limefutika, nirudishieni. Tazama saa. Mwezi mwingine chagua la Kolwezi.

Umeme. Fundi atakayekuja mara ya kwanza akaanza kusifu programu zake bila kuuliza SNEL, shirika la umeme, inakata mara ngapi, grupu (jenereta) inawaka baada ya dakika ngapi na waya wa ardhi uko wapi, hajawahi kufanya kazi Lubumbashi. Mvua za Novemba mpaka Machi zinakuja na radi, na radi hupita hata kwenye waya wa mtandao ulioning'inizwa nje kati ya majengo mawili. Nimeona swichi tatu za mtandao zimeungua kwa ngurumo moja. Betri za ondulere huishi miaka mitatu hadi mitano zikiwa mahali pa starehe. Kwa delestaji (mgao wa umeme) ya kila siku hazifiki huko. Kupima betri kuwe kazi yao ya kila miezi mitatu, kwa maandishi. Na vumbi la kiangazi lipulizwe kwenye mashine kabla ya Oktoba, joto halijapanda.

Nina swali jingine la mtego, lilipe nafasi. Waulize kila mmoja: kompyuta zetu za Windows 10 tufanye nazo nini? Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai mashine yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Sehemu kubwa ya kompyuta za mitumba tunazonunua hapa hazifiki. Jibu zuri linaanza na kuhesabu: ngapi zinafaa, ngapi hazifai, zipi zinunuliwe upya mwaka huu, zipi zilipiwe ulinzi wa ziada kwa muda, zipi zitolewe kwenye intaneti zibaki za kupima mizigo tu. Majibu mabaya ni mawili: "hakuna shida, zinafanya kazi", au "badilisha zote 24, sisi tunauza". Na atakayekuletea Windows au Office iliyovunjwa kufuli ili kukupunguzia gharama, mwache. Anayekuwekea programu ya wizi hajui aliyeivunja aliacha nini ndani, na wewe ndiye utakayeulizwa siku mgodi ukituma wakaguzi.

Kwa vifaa kwa ujumla, wape kazi ya kuandika sifa za mashine mnayohitaji, kisha wewe chukua proforma pia kwa wauzaji wengine wawili. Faida kidogo juu ya bei si dhambi, ila uijue.

Karatasi unazijua kuliko mimi, maana migodi inakudai zilezile: RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, CNSS (hifadhi ya jamii). Ongeza kipengele kimoja cha siri. Kompyuta zako zina mishahara, namba za simu na vitambulisho vya watu, na tangu sheria ya mambo ya dijitali (Code du numérique), ile nambari 23/010 ya 13 Machi 2023, data za watu si mali ya kuchezea. Mpe mwanasheria wako mkataba wenye kipengele hicho ausome.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: omba majina ya wateja wawili, na la wa tatu aliyewaacha. Huyo wa tatu mpigie mwenyewe. Usimuulize kama ni wazuri, muulize siku ya kuondoka walimkabidhi nini. Kisha waulize wao wenyewe wakusimulie siku walipompotezea mteja kitu. Mimi nimekusimulia yangu. Fundi wa miaka mingi asiye na hadithi kama hiyo ana usahaulifu.

Kwa yale uliyoniandikia, mimi ningewachukua vijana watatu, lakini si kwa dola 350. Wafikishe 450, safari za Kolwezi zikilipwa mbali, na kwa hiyo nyongeza waandike kwamba kila mwezi watarudisha faili la majaribio, na kila miezi mitatu watapima betri na kukukabidhi daftari la funguo. Bado utakuwa nusu ya bei ya Kinshasa, na mikono iko mjini. Mkataba wa kwanza uwe wa miezi mitatu, halafu mwaka. Kila upande uweze kuvunja kwa taarifa ya siku 30, na malipo ya mwezi wa mwisho yakae kwako mpaka makabidhiano yatiwe sahihi na pande zote mbili. Wakikataa kipengele hicho kimoja, rudi kwa Kinshasa uwaulize yale mambo mawili, na uwape kipengele hichohicho. Ukifika kompyuta 60, au mgodi mmoja ukikudai mtu wa kuangalia mifumo usiku kucha, tuzungumze upya. Hapo vijana watatu watakuwa hawatoshi.

Kwa mume wako, mwambie kijana wake hajatupwa. Wiki mbili za kwanza awe pamoja na hao wapya, kwa dola 30 zake kila akija, awaonyeshe.

Na mpigie leo. Akikubali Jumamosi, mwandalie bukari na samaki. Kuandika maneno ya siri ya miaka yote hiyo kutamfikisha jioni.